Chatu Alivyolinganisha Shule za Mapangoni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mpo?"

"Tupo!"

"Masikio yapo?"

"Yapo!"

"Na mioyo?"

"Inadunda!"

Bado haijadunda. Ngojeni kidogo.

Sogeeni. Wewe mwenye shati la kijani, acha kumfinya mwenzako. Hadithi hii haiwapendi wafinyaji, na mimi nikishaanza huwa sirudii. Humu ndani kuna Chatu. Nikiuliza kwa sauti yake, "Nani wa mwisho?" ninyi mnajibu, "Si sisi!" Tujaribu. Nani wa mwisho?

"Si sisi!"

Vizuri. Hivyo hivyo ndivyo walivyojibu na wao.

Basi hapo kale, wanyama wa wilaya ya Mapangoni walikuwa na shule nne za msingi. Zote za serikali, zote za bure, zote zina vumbi. Kulikuwa na Bondeni, walikosoma watoto wa ngiri. Kulikuwa na Kichakani, walikosoma watoto wa digidigi. Kulikuwa na Mianzini, walikosoma watoto wa kanga. Na juu kabisa, kwenye kilima cha mawe, kulikuwa na Jiweni, walikosoma watoto wa pimbi. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene, hana mkia, asubuhi yote anaota jua juu ya mwamba. Ni mdogo, lakini maneno anayo.

Wazazi wa wilaya hiyo walikuwa na ugonjwa mmoja. Mtoto akirudi nyumbani hawakumuuliza, "Umejifunza nini leo?" Waliuliza, "Shule yetu ni ya ngapi?" Ukimkuta Ngiri kwenye tope, anauliza ya ngapi. Ukimkuta Digidigi kwenye majani, anauliza ya ngapi. Ukimkuta Mama Pimbi juani, amefumba macho, unadhani amelala, kumbe anawaza: ya ngapi? Kila mmoja alisifia ya kwake, hakuna aliyekubali ya mwenzake. Mwishowe wakasema, "Tutafute mkaguzi atulinganishe."

Akajitokeza Chatu.

Chatu alikuwa mrefu. Kichwa kikifika, mnakaa kitako kuusubiri mkia. Akawaambia, "Mimi nina macho yasiyopepesa. Sipepesi, kwa hiyo sipendelei." Wazazi wakapiga makofi. Hakuna aliyemuuliza anakula nini.

Akaja asubuhi, watoto wakiwa mstarini. Majani yakalala. Shwaa, shwaa, shwaa. Akawa anaimba kwa sauti nyembamba:

"Nani wa kwanza? Simuoni.
Nani wa mwisho? Aje ndani."

Nani wa mwisho, watoto?

"Si sisi!"

Ehe. Ngiri akasema si sisi, Digidigi akasema si sisi, Mama Pimbi akasema si sisi. Chatu akasema, "Mwaka huu nalinganisha mapaa." Akazipitia shule zote, wazazi wakimfuata nyuma, akaishia Mianzini. Paa la Mianzini lilikuwa la nyasi, na mvua ilikuwa imelibomoa upande mmoja. "Mianzini imeshika mkia," akasema.

Wazazi wa shule tatu wakapiga vigelegele. Mama Pimbi naye alipiga, tena cha kwake kilikuwa kirefu kuliko vyote. Hakijamwishia mdomoni, Chatu akafungua kinywa.

Gudu. Gudu. Gudu.

Mstari mzima. Kuanzia kiranja aliyesimama mbele mpaka kale kadogo kalikokuwa kamechelewa, kamekuja mbio ili kasichapwe.

Mama Kanga alikuwa nyuma ya shule anawapikia watoto uji. Akaja na mwiko mkononi. "Wanangu wako wapi?"

"Wamehama," akasema Chatu. "Shule ya mwisho huunganishwa."

"Huunganishwa na nini?"

"Na mimi. Nina shule yangu, mama, iko humu tumboni. Ni ya bweni. Haina watoro, haina kelele. Usilie, ni nzuri kuliko ile yenu."

"Shule haimezwi!"

"Hii imemezwa."

"Watarudi lini?"

Chatu akafungua kinywa amwoneshe. "Tazama meno yangu, yote yameinamia ndani. Kikishaingia kitu hapa, hata mimi mwenyewe siwezi kukitoa."

Akaondoka polepole, tumbo limetuna. Shwaa, shwaa, shwaa.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Mama Kanga alipika uji wa Mianzini. Uji unapoa, anaumwaga. Kesho anapika tena. Na wale wazazi wengine? Waliogopa, kwa nini wasiogope? Usingizi uliwapaa. Lakini hofu ikikaa sana nyumbani inazoeleka, inakuwa mwenyeji. Wakaanza kunong'onezana, "Lakini kweli, lile paa lilikuwa bovu." Wakakarabati mapaa yao, wakaendelea kuulizana ya ngapi.

Mwaka ukaisha. Tumbo la Chatu likaisha nalo, likabaki ngozi. Akarudi.

Shwaa, shwaa, shwaa.

"Nani wa kwanza? Simuoni.
Nani wa mwisho? Aje ndani."

Nani wa mwisho?

"Si sisi!"

Mbona sauti imepungua? Haya, tuendelee. Chatu akasema, "Kesho mkutane wote Jiweni, pale kilimani. Mwaka huu nalinganisha mahudhurio. Mtoto akiitwa jina aseme 'Nipo!' Shule itakayokuwa na sauti chache kuliko zote ndiyo ya mwisho." Akageuza kichwa taratibu, akautazama mwamba wa pimbi, akatoa ulimi, akaurudisha.

Mbaya wee! Alijua anachokifanya. Pimbi wana desturi yao. Mmoja hukaa juu ya jiwe kama mlinzi. Akiona nyoka, anapiga mluzi, fyuuu! Wote wanaingia kwenye nyufa na hakuna anayetoa sauti tena, hata umwite kwa jina la mama yake. Ndivyo wanavyofundishwa kabla hawajaota meno. Watoto wa ngiri wanapayuka. Watoto wa digidigi wanaitika. Lakini mtoto wa pimbi aitike mbele ya Chatu?

Mama Pimbi alikuwa na mtoto mmoja tu, jina lake Mboni, yuko darasa la kwanza. Akamkalisha mbele yake. "Mboni, kesho ukiitwa utasema 'Nipo.' Sawa? Mboni!"

Kimya.

"Mboni, mwanangu, sema 'Nipo.'"

"Mama, wewe si ulinifundisha nikimwona Chatu ninyamaze?"

"Nilikufundisha."

"Sasa nikisema 'Nipo,' si atajua nipo?"

Mtoto alikuwa na akili, na akili yenyewe alipewa na mama yake. Mama Pimbi akamkumbatia, na moyo wake ukawa unadunda pu, pu, pu, mpaka Mboni akausikia na yeye akaanza kutetemeka.

Akashuka kwa Ngiri. "Baba Ngiri, kesho tusiwapeleke watoto. Tukikataa wote, atalinganisha nini?"

Ngiri akakohoa. "Mama Mboni, wa kwangu wana sauti. Nikatae kwa nini?"

Akaenda kwa Digidigi. "Shoga, niazime watoto wako wachache wasimame na wa kwetu. Mkaguzi akija shule huwa zinaazimana madawati, seuze watoto?"

Digidigi akamtazama kwa macho yake makubwa. "Pole, shoga. Nitawaombea." Akafunga mlango.

Ikabaki nyumba moja. Mama Pimbi akasimama nje. Mama Kanga alikuwa anaosha sufuria.

"Wanangu uliwapigia kigelegele," akasema Mama Kanga bila kugeuka.

"Nilipiga."

"Nilikisikia kutoka jikoni. Kilikuwa kirefu."

"Kilikuwa kirefu, dada. Nisamehe au usinisamehe, lakini nisikilize. Majina yao unayakumbuka?"

Mama Kanga akaiweka sufuria chini. "Mzazi anaulizwa swali kama hilo?"

Wakaingia ndani, wakanong'ona.

Kesho yake jua likatoka. Uwanja wa Jiweni uko juu ya kilima, na upande mmoja kilima kinaporomoka moja kwa moja mpaka korongoni. Watoto wakapangwa mistari. Bondeni hapa, Kichakani pale. Mstari wa Jiweni ulikuwa umesimama mbele ya nyufa, na kila mtoto alikuwa ameshazitazama nyufa hizo.

Shwaa.

Ndege wakanyamaza.

Shwaa.

Mlinzi wa pimbi alikuwa juu ya jiwe. Akaujaza upepo mdomoni ili apige mluzi, mluzi ukamfia.

Shwaa. Kichwa hicho. Wakausubiri mkia. Mkia ukafika. Kwa njaa ya mwaka mzima, mate yalikuwa yanamdondoka Chatu, to, to, to.

"Nani wa kwanza? Simuoni.
Nani wa mwisho?"

Jibuni basi, msinishike nguo yangu.

"Si sisi..."

Hapo Mama Pimbi akajitokeza. Alikuwa anatetemeka, na hakuficha kwamba anatetemeka. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Sema haraka, nina kazi."

"Mheshimiwa, unalinganisha shule za wilaya nzima?"

"Nzima."

"Basi mbona shule ya kwanza haipo mstarini?"

"Ipi hiyo?"

"Si ile yako ya bweni? Haina watoro, haina kelele, ulisema mwenyewe. Sisi tunagombania vumbi hapa, na shule bora imelala humo tumboni, haijawahi kulinganishwa. Ni haki kweli?"

Chatu akavimba shingo. Kusifiwa alikuwa anapenda. "Hiyo itakuwa ya kwanza tu."

"Ikiwa ya kwanza," akasema Mama Pimbi, "basi hizi zetu tatu zote hazifai. Uziunganishe zote. Leo leo."

Uwanja ukalia mayowe. "Mama Mboni!" akapiga kelele Digidigi. "Umeuza watoto wetu!" Ngiri akachimba ardhi kwa pembe za meno yake. Mboni alimtazama mama yake, hakuamini alichosikia. Na Mama Pimbi, nawaambia, hakuthubutu kumtazama Mboni.

Chatu akahesabu mistari kwa ulimi. Mistari mitatu! Mate yakazidi, to to to to.

"Nimekubali," akasema.

"Na ikiwa ya mwisho, Mheshimiwa?"

"Haiwezi kuwa ya mwisho."

"Lakini ikiwa?"

"Naimeza! Sheria ni sheria. Ya mwisho humezwa. Mmesikia wote? Ita majina!"

Wakaanza Bondeni. Mwalimu akaita, watoto wa ngiri wakapayuka, "Nipo! Nipo! Nipo!" mpaka vumbi likaruka. Wakaja Kichakani. "Nipo, nipo, nipo," kwa adabu, kwa haraka, macho chini.

Ikaja Jiweni.

Mwalimu akaita jina la kwanza. Kimya. Akaita la pili. Kimya. Mtoto mmoja akarudi nyuma hatua moja, akapotea kwenye ufa. La tatu. Kimya. Chatu akaanza kujisogeza upande ule. Shwaa. Mwalimu akaita, akaita, majina yakawa yanaishia hewani.

"Mboni!"

Kimya.

Mama Pimbi alifumba macho. Alitamani kuitika yeye. Alitamani kupiga mluzi, watoto wote wakimbie, potelea mbali. Pu, pu, pu.

"Mboni!"

"Nipo."

Sauti ndogo. Sisimizi angemeza sauti ile. Lakini ilisikika, na kila aliyekuwepo aliisikia. Mboni alikuwa amesimama peke yake mbele ya ufa, amefumba macho, mkojo unamtiririka miguuni, na amesema "Nipo" mbele ya Chatu. Msicheke. Nani kacheka? Wewe usingesema.

"Sauti moja," akasema Chatu, na akatabasamu. "Moja tu. Sasa ya kwangu."

Mama Kanga akaja mbele. Akasimama ubavuni mwa Chatu, karibu kabisa, kama mtu anayebisha hodi. Akaita jina la kiranja.

Kimya.

Akaita jina la pili. Akaita la tatu. Hakukosea hata moja, na kila jina aliliita kwa sauti ya kumwamshia mtoto uji. Wazazi wakainamisha vichwa. Waliokuwa wamepiga vigelegele walijishika midomo. Akafika kwenye kale kadogo kalikochelewa. Akakaita. Akasubiri. Akakaita tena, akaweka sikio kwenye magamba ya Chatu.

Kuna watu wakisimulia hadithi hii husema watoto waliitika, wakatoka wote wazima, wakacheza. Mimi siwezi kuwadanganya. Hakuna aliyeitika.

"Jiweni sauti moja," akasema Mama Pimbi. "Shule ya bweni, hakuna. Mheshimiwa, nani wa mwisho?"

Chatu akapepesa? Hana kope. Lakini mwili ulimcheza. "Tumbo halimezwi," akasema.

"Shule haimezwi," akajibu Mama Kanga. "Uliniambia imemezwa."

Chatu akaanza kukasirika, na Chatu akikasirika anaweza kusahau kwamba aliapa. Mama Pimbi aliliona hilo. Akasogea mpaka kando ya kichwa chake, mahali ambapo ukoo wake mzima hakuna aliyewahi kusogea na akarudi kusimulia, akanong'ona:

"Mheshimiwa, kwani humo tumboni hakuna Mianzini nzima? Ile uliyoila mwaka jana? Ukiimeza tena, si utakuwa umeila mara mbili? Ni nani aliyewahi kula chakula kimoja mara mbili?"

Chatu akatulia. Njaa ikamwambia, kweli. Mate yakajibu, to, to, to.

"Nianzie wapi?" akauliza.

"Mlango wa mbele ni kinywa, na kinywa hakiwezi kujiingia. Anzia mlango wa nyuma."

Chatu akauchukua mkia wake, akauweka mdomoni.

Gudu.

Mtamu. Akasukuma. Gudu. Gudu. Akahisi kitu kinaingia tumboni, akafurahi. Gudu. Kisha akahisi kitu kinauma mgongoni. Akataka kuutema mkia. Meno yote yameinamia ndani. Akavuta, meno yakazama. Akasukuma, mkia ukaingia zaidi. "Mmh!" akasema. "Mmmh! Mmmmh!" Ndiyo hotuba yake ya mwisho. Macho yasiyopepesa yaliwatazama wazazi mmoja mmoja, na hata hivyo, amefungwa hivyo, walimwogopa.

Alikuwa amekuwa duara. "Baba Ngiri," akasema Mama Pimbi, "sukuma."

Ngiri akasukuma. Biringi. Biringi biringi. Biringi biringi biringi mpaka ukingoni. Puu! Korongo likaguna, likanyamaza.

Mama Pimbi akamkimbilia Mboni, akamshika, wakalia wote wawili. Watoto wa Jiweni wakatoka kwenye nyufa mmoja baada ya mwingine. Mama Kanga alisimama ukingoni anatazama chini. Hakuna aliyemfuata.

Ingekuwa vizuri hadithi iishie hapo, sivyo? Na mimi nilitaka.

Lakini Ngiri akapangusa vumbi, akasema, "Jamani, siyo kwa ubaya. Lakini wa kwangu ndio walioitika kwa sauti kubwa. Basi Bondeni ni ya kwanza?"

Digidigi akasema, "Kwa adabu je? Kwetu waliitika kwa adabu."

"Hata hivyo, wote tumewashinda Jiweni," akasema Ngiri. "Jiweni sauti moja. Jiweni ni ya mwisho."

Mama Pimbi akainua uso, machozi hayajamkauka. "Sisi? Sisi wa mwisho?" akasema. "Na Mianzini je?"

Mama Kanga akageuka.

Mama Pimbi akajishika mdomo, lakini neno lilikwishatoka. Na hapo kwenye majani, upande ule ambao hakuna aliyekuwa anautazama, mtu akakohoa taratibu, akasema kwa sauti ya upole:

"Samahani. Nasikia mnatafuta wa kuwalinganisha?"

Hadithi yangu nimeiviringisha, nimeisukuma korongoni. Anayeitaka akaifuate huko huko.

Sasa funzo. Hadithi lazima iwe na funzo, mkaguzi akija asiikute haina. Funzo ni hili: wazazi, linganisheni shule bila kuchoka, maana mtoto hasomi mpaka wa jirani ashindwe. Ya mwenzenu ikishika mkia, pigeni vigelegele virefu. Mkaguzi msimwulize anakula nini, ni utovu wa adabu. Na ninyi watoto, woga ni aibu, msiwe nao.

Mpo?

"Tupo!"

Mpo wote?

"Tupo wote!"

Haya, kalaleni. Wa mwisho kutoka afunge mlango.

Jamani! Mbona mnasukumana?